Virusi Bila Mtenda: Uhakiki wa Sitiari Moja katika Kiswahili cha Tiba na cha Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki ulinganishi wa virusi vya kibiolojia na virusi vya kompyuta kama unavyojitokeza katika Kiswahili cha leo. Inadaiwa humu kwamba ulinganishi huo una kiini kimoja cha kweli, yaani namna maagizo yasiyo na uwezo wa kujizalisha yenyewe yanavyotumia mitambo ya mwenyeji kujinakili, lakini msamiati ulioandamana nao umekivuka kiini hicho kwa mbali. Hoja kuu ni ya kisarufi. Miundo ya Kiswahili inayomwondoa mtenda katika maelezo ya maambukizi ni ya haki katika tiba. Ikihamishiwa kwenye kompyuta, humficha mtu aliyeitunga programu na kuisambaza. Mifano imechotwa katika matumizi ya kila siku, katika historia ya istilahi yenyewe, na katika kesi mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Kenya.

Utangulizi

Neno virusi limeingia katika Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na tiba, likaenea hadi vijijini kwa sababu ya UKIMWI, kiasi kwamba kifupisho VVU hakihitaji tena kufafanuliwa kwa msikilizaji wa redio. Mara ya pili lilikuja na kompyuta, na safari hiyo halikubisha hodi, kwa kuwa lilikuta nafasi yake imekwisha kuandaliwa. Karani anayesema "flashi hii ina virusi" na jirani anayenong'ona kwamba fulani "ana virusi" wanatumia nomino ileile, muundo uleule, na mara nyingi sauti ileile ya tahadhari. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ushindi wa uchumi wa lugha: neno moja linahudumia nyanja mbili, na mwanafunzi analielewa upesi. Ushindi huo una gharama zake, na gharama hizo ndizo zinazopimwa hapa.

George Lakoff na Mark Johnson walionyesha mwaka 1980 kwamba sitiari si pambo la lugha bali ni njia ya kufikiri, na kwamba kila sitiari huangaza upande mmoja wa jambo huku ikiutia kivuli upande mwingine. Wazo hilo limekwisha kuzoeleka katika isimu, na hapana haja ya kulirudia kwa kirefu. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu virusi ni jepesi zaidi: ni nini, au ni nani, anayebaki kivulini?

Kiini cha kweli cha ulinganishi

Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky aligundua kwamba utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa batobato uliendelea kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio linalozuia bakteria. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck alirudia kazi ya namna hiyo, akakiita kisababishi hicho kwa neno la Kilatini, virus, lenye maana ya sumu au majimaji yenye sumu. Wendell Stanley alipokifanya kirusi hicho kuwa fuwele mwaka 1935, ilidhihirika kwamba kitu kilichodhaniwa kuwa kiumbe kingeweza kukaa ndani ya chupa kama chumvi. Kirusi si seli. Ni maagizo ya DNA au RNA yaliyofunikwa kwa protini, na nje ya seli hayafanyi lolote. Yakiingia ndani, seli huyasoma kwa mitambo yake yenyewe na kuanza kutengeneza virusi vingine, kwa sababu haina njia ya hakika ya kutofautisha agizo lake na agizo la mgeni.

Hapo ndipo kompyuta inapofanana na seli kweli, wala si kwa mapambo. Programu nayo ni maandishi tu mpaka yasomwe, na mashine haiulizi maandishi hayo yametoka wapi. John von Neumann, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa amekwisha kueleza kimantiki jinsi mashine inayobeba maelezo ya umbo lake inavyoweza kuzaa mashine mfano wake. Wazo hilo lilitangulia ugunduzi wa umbo la DNA wa mwaka 1953, jambo ambalo wanaodhani kwamba siku zote kompyuta ndiyo iliyoiga biolojia hawana budi kulikumbuka.

Jina lenyewe lina historia ya kufurahisha. Mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi, David Gerrold, alikuwa amelitumia kwa programu inayojisambaza katika riwaya yake ya mwaka 1972. Katika taaluma, jina hilo lilijikita mwaka 1983, pale Fred Cohen, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alipoandaa jaribio la programu inayojinakili, na mwalimu wake, Leonard Adleman, akapendekeza iitwe kirusi. Jaribio lilifanywa kwa ruhusa. Mashambulizi yalikuwa matano, na katika kila moja programu iliteka mamlaka yote ya mfumo kabla ya saa moja kwisha. Wenye mashine hawakufurahi, na majaribio zaidi yakazuiwa.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni fasili ya Cohen. Kwake, kirusi ni programu inayoweza kuzibadilisha programu nyingine ili zibebe nakala yake, nakala ambayo huenda imebadilika kidogo. Madhara hayamo katika fasili hiyo. Cohen alitoa hata mfano wa kirusi chenye manufaa, ambacho kingebana mafaili ili kuokoa nafasi kwenye diski. Kwa hiyo jina linalomaanisha sumu lilipewa kitu kisicholazimika kuwa na sumu. Biolojia nayo imefika hapohapo kwa njia yake: takribani asilimia 8 ya maagizo ya kijeni ya binadamu ni mabaki ya virusi vya kale, na mojawapo ya mabaki hayo hutengeneza protini inayohitajika katika kujengeka kwa kondo la nyuma la mama mjamzito.

Baada ya kiini hicho njia zinaachana. Kirusi cha kibiolojia hubadilika kwa sababu ya makosa ya kunakili, makosa ambayo hakuna aliyeyapanga, kisha mazingira yakachuja. Programu hunakiliwa herufi kwa herufi. Ikibadilika sura kila inapojinakili, ni kwa sababu aliyeiandika aliiagiza ijibadilishe ili isitambulike. Tofauti hii, ya kuwapo na kutokuwapo kwa mwandishi, ndiyo ambayo Kiswahili kimeipokea vibaya.

Ngeli ya KI-VI na dhana ya kundi

Katika Kilatini cha kale, neno virus halikuwa na wingi, kwa sababu lilitaja kitu kisichohesabika, kama maji au sumu. Lilipofika kwenye Kiswahili likiwa limetoholewa kuwa virusi, silabi yake ya kwanza ilisadifiana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI. Wazungumzaji wakafanya walivyofanya zamani kwa kitabu cha Kiarabu na baadaye kwa kipilefti cha barabarani: waliitii sarufi yao. Wakazalisha umoja, kirusi. Kinyume cha mambo kilichoje, kwamba neno lisilo na wingi kule lilikotoka limekuwa hapa neno ambalo sura yake ya kawaida ni wingi.

Umoja huo haujatulia. Msemaji wa kawaida hutumia virusi hata kwa kimoja. Wengine, hasa katika mazungumzo ya bara, hulipeleka neno kwenye ngeli ya I-ZI na kusema "virusi hii" au "virusi ya korona". Na yule mwandishi anayejitahidi kuandika kirusi hukutana na Kirusi, lugha ya Warusi, anapoanza sentensi kwa neno hilo. Haya ni madogo. Kubwa ni kwamba "kompyuta ina virusi" huleta picha ya kundi, wadudu wengi wasiohesabika wanaotambaa ndani ya chombo.

Kwa mwili wa binadamu, picha hiyo ni sahihi ajabu. VVU ndani ya mtu mmoja si kitu kimoja. Ni umati wa nakala zinazotofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazoilazimu tiba kutumia dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa kompyuta, picha hiyo hupotosha. Kilichomo ndani ya mashine ni andiko moja lililonakiliwa, kama barua ya vitisho iliyopigwa chapa mara elfu, na barua ya namna hiyo huwa na mwandishi hata kama hakutia saini. Wingi wa ngeli ya VI umemfanya mtumiaji afikirie mbu badala ya barua.

Mtenda katika kauli za maambukizi

Kiswahili kina njia tatu zilizozoeleka za kueleza maambukizi. Ya kwanza ni ya kupata na kuwa na: amepata virusi, kompyuta imepata virusi. Ya pili ni kauli ya kutendwa ambayo nafasi ya mtenda huachwa wazi: ameambukizwa, flashi imeambukizwa. Ya tatu hufanya virusi vyenyewe kuwa kiima: virusi vimeingia, virusi vimefuta mafaili yote. Katika zote tatu hakuna mtu.

Katika tiba, kutokuwapo kwa mtu huyo kumepiganiwa. Miaka ya mwanzo ya UKIMWI, lugha ilijaa vidole vya kunyooshea wengine: nani kamletea nani, nani alistahili. Neno waathirika, lililoonekana la huruma, lilipingwa na waliohusika kwa kuwa liliwafanya watu kuwa majeruhi tu. Nchini Tanzania likasimama WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, jina lenye kitenzi cha kuishi ndani yake. Hata katika istilahi ya kliniki, "maambukizi ya mama kwa mtoto", nomino maambukizi inapunguza makali ambayo kitenzi kingeyaleta. Hakuna mkunga mwenye utu ambaye angesema mbele ya mzazi, "mama alimwambukiza mtoto." Sarufi hapa inafanya kazi ya adabu, na inafanya vizuri.

Sheria ilipojaribu kumrudisha mtenda, matokeo yalifundisha. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 ilikuwa na kifungu cha 24, kilichomtwisha mwenye virusi wajibu wa kijinai kuhusu kuambukiza wengine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba maneno yake yalikuwa mapana na yasiyo wazi, likiwemo lile la kukutana kimwili ambalo sheria haikulifafanua. Mara nyingi mtu hupitisha kirusi pasipo kujua kwamba anacho, na hata anayejua hakukitunga. Mkulima anayempa jirani pingili za mihogo zenye batobato hajatenda uovu, ametoa mbegu.

Sasa muundo huohuo upelekwe kwenye kompyuta. Mwaka 1986 kilitokea kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilienea kwa diski kutoka Lahore, Pakistan. Ndani yake kulikuwa na majina ya ndugu wawili walioandika programu hiyo, anwani ya duka lao na namba za simu. Ni vigumu kupata kitu kilicho mbali zaidi na ugonjwa. Lakini aliyesema "diski yangu imepata virusi" aliyafuta kwa kitenzi kimoja majina ambayo waandishi wenyewe walikuwa wameyaweka wazi.

Mfano mwingine unauma zaidi kwa sababu unakutanisha maana zote mbili za neno. Mwezi Desemba 1989 diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali zikidai kutoa taarifa kuhusu UKIMWI. Zilikuwa na programu iliyohesabu idadi ya mara kompyuta ilivyowashwa, na baada ya mara 90 hivi ikaficha na kuvuruga majina ya mafaili, kisha ikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Programu hiyo haikuweza kujinakili hata mara moja. Kwa kipimo cha Cohen haikuwa kirusi. Ilikuwa unyang'anyi uliofungwa katika bahasha. Hofu ya ugonjwa ilitosha kuwafanya watu waufungue mzigo, na msamiati wa ugonjwa ukatosha kuwafanya wauhesabu miongoni mwa virusi. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu UKIMWI na sitiari zake, alikuwa ametazama jinsi lugha ya kompyuta ilivyokuwa ikijilisha kutoka katika hofu ya UKIMWI.

Kesi ya Marekani ndiyo inayowahusu wanaisimu moja kwa moja. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachilia kwenye intaneti programu ya aina iitwayo mnyoo. Alitiwa hatiani mwaka 1990 chini ya sheria ya mwaka 1986. Katika rufaa, iliyoamuliwa mwaka 1991, mabishano yalifika kwenye kielezi: je, neno la Kiingereza lenye maana ya "kwa makusudi" lilihusu kitenzi cha kuingia kwenye kompyuta peke yake, au pia kitenzi cha kusababisha hasara? Morris alidai kwamba hakukusudia hasara. Mahakama ikaamua kwamba kielezi kiliishia kwenye kitenzi cha kwanza, na hukumu ikabaki. Aghalabu wanasarufi huambiwa kwamba mjadala wa mawanda ya kielezi ni wa darasani tu.

Mjadala wa namna hiyo hauwezekani kabisa katika sentensi "virusi viliingia kwenye kompyuta." Kielezi cha makusudi hakina mahali pa kutua, kwa kuwa kiima hakina nia.

Kinga, chanjo na kiraka

Istilahi zilizoifuata sitiari kuu zinahitaji maelezo mafupi tu. Kinga ya mwili hujifunza kutokana na kukutana na adui. Programu za kingavirusi, kwa sehemu kubwa, zilianza kama orodha ya alama za wahalifu wanaojulikana, mithili ya picha zilizobandikwa ukutani kituoni, na orodha hiyo huletwa na kampuni. Cohen alithibitisha pia kwamba haiwezekani kuwapo programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Chanjo nalo ni neno lenye mwili: linatokana na kuchanja ngozi. Likisemwa juu ya mashine, linamuahidi mtumiaji usalama wa kudumu ambao hakuna aliyeuahidi.

Kiraka ni afadhali, ingawa ni neno la fundi cherehani. Anayesikia kiraka huuliza tundu lilitokea wapi. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilipozikumba kompyuta katika nchi zaidi ya 150, marekebisho ya tundu lililotumiwa yalikuwa yametolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Na Microsoft yenyewe ilitamka hadharani kwamba maarifa ya kulitumia tundu hilo yaliibwa kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Waliohusika ni wengi: aliyeshona vibaya, aliyejua akanyamaza, aliyeiba, aliyeshambulia, na aliyechelewa kushona kiraka. Anayesema "mlipuko wa virusi" hawezi kumtaja hata mmoja wao.

Uhamisho wa maana umekwenda upande wa pili pia. Wakati wa UVIKO-19, uvumi ulioenea kwamba chanjo ilikuwa na chipu ya kompyuta haukuzuka katika ombwe. Ulikuta lugha ambayo kwa miaka 30 na zaidi ilikuwa imezoea kusema kwamba kompyuta huugua na kuchanjwa, na kwamba virusi hutengenezwa na mtu.

Hasidi na cha kutumwa

Istilahi programu hasidi, inayotumiwa sasa katika tovuti na simu zenye matini ya Kiswahili, ina ubora mmoja na kasoro moja. Hasidi ni mtu: ni mwenye husuda, asiyekutakia mema. Kwa hiyo neno limerudisha nia mbaya ambayo virusi iliifuta. Kasoro ni kwamba nia hiyo imebandikwa kwenye chombo, kana kwamba programu ndiyo inayohusudu. Kiswahili cha pwani kina dhana iliyo karibu zaidi na ukweli wa kompyuta kuliko biolojia yote: jini la kutumwa. Anayesemekana kupatwa nalo haulizwi tu ana nini. Huulizwa kalitumiwa na nani. Hapana anayependekeza hapa kwamba mafundi wa kompyuta waanze kupiga ramli. Linalopendekezwa ni kitenzi. Kutuma, kutunga, kupandikiza na kuachilia ni vitenzi vinavyodai kiima chenye akili, na vyote vimo tayari katika lugha.

Haja ya vitenzi hivyo imekuwa ya dharura nchini Tanzania, ambako Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015 na ambako marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwandishi wa hati ya mashtaka atakayechukua sentensi ya mtaani, "kompyuta za ofisi ziliambukizwa virusi," atakuwa ameandika taarifa ya kitabibu. Akiandika kwamba mshitakiwa alipandikiza kwa makusudi programu inayojinakili katika kompyuta za ofisi, atakuwa na kiima, kitenzi na kielezi, na wakili wa utetezi atakuwa na jambo la kubishania.